Kwenda Osaka Kula Peke Yangu

Kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, mtu anayekula peke yake hana jina zuri. Akiwa mtoto ataitwa mchoyo. Akiwa mtu mzima, watu watamtupia jicho la pembeni na kuanza kujiuliza usiku huwa anaenda wapi. Dada yangu alinilea kwa imani hiyo tangu mama yetu alipofariki, na tulipofika Brussels kama wakimbizi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, aliingia nayo katika nyumba yetu ya Schaerbeek, ghorofa ya tatu, juu ya reli za tramu. Kwake chakula hakikuwa kimeiva mpaka apatikane wa kukila naye. Nikichelewa kazini, aligonga kwa jirani, mama wa Kituruki. Jirani asipokuwepo, alifunika chakula akasubiri.

Miaka ikapita. Nikakaribia arobaini. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na kibali, nilikuwa na funguo zangu, na bado kila asubuhi niliulizwa mlangoni kama nimevaa fulana ya ndani. Nikikohoa, dawa ilikuwa tayari kabla kikohozi hakijaisha. Watu hudhani kumpenda mtu na kumchoka ni vitu viwili vinavyogombana. Havigombani hata kidogo. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, vimekaa pamoja sebuleni, vinatazama televisheni.

Basi nikaiona studio, chumba kimoja chenye jiko kwenye kona, mitaa michache kutoka kwetu. Nikamwambia dada kwamba nataka kuhamia huko nikaishi peke yangu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka mpaka akakaa chini.

“Weye? Weye moya? Weye ata kipande ya mukate hauwezi kula bila kuita mutu! Utakufa na njaa na frigo imejaa.”

Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo. Mimi ndiye ninayemkaribisha chai fundi wa bomba, ndiye ninayemmegea ndizi abiria wa tramu nisiyemjua. Mkono wangu ukishika chakula, mdomo unatafuta mtu. Dada alinifundisha hivyo mwenyewe, halafu akanicheka kwa kufaulu somo lake.

Wakati ule nilifanya kazi katika nyumba ya wazee. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha, kuwasikiliza wakilaumu watoto wao. Ukumbini kulikuwa na televisheni ambayo haikuzimwa kamwe, na mchana mmoja, nikiwa namlisha bibi mmoja supu, wakaonyesha kipindi cha safari kuhusu Osaka, ule mji mkubwa wa Japani. Walionyesha mkahawa mdogo, meza moja ndefu nyembamba, na watu wamekaa kwa mstari wakitazama ukuta, kila mmoja na bakuli lake. Hakuna aliyeongea. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ataolewa lini. Walikula, wakafuta midomo, wakainuka, wakaenda zao.

Sikuweza kubandua macho. Pale kazini niliwaona wazee wakila peke yao kila siku, na ilikuwa huzuni tupu, maana hawakuchagua. Wale wa Osaka walikuwa na sura za watu waliopumzika. Kijiko changu kilibaki hewani mpaka bibi akaniuliza, kwa Kifaransa chake safi, kama supu ile ilikuwa yake au yangu.

Jioni hiyo nikamwambia dada: likizo hii sitakwenda harusi ya Paris wala matanga ya Liège. Nitakwenda Osaka, peke yangu, na huko nitakula peke yangu.

Dada alinipima kwa macho.

“Bon,” akasema. “Uende. Ukikula weye moya siku yote, bila kuita mutu, miye sitasema kitu tena. Utahama. Lakini ukiita ata mutu moya, maneno ya studio inaisha. D'accord?”

“D'accord,” nikajibu, na tukapeana mikono kama watu waliouziana mbuzi.

Habari zilifika Matonge, mtaa wa Wakongomani pale Brussels, kabla yangu. Nilipokwenda kusuka nywele, karibu na metro ya Porte de Namur, msusi aliniuliza lile swali ambalo kwetu lina nguvu kuliko pasipoti: “Na kule, ni nani atakupokeya?”

“Hakuna.”

Saluni nzima ikageuka. Mtu aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akaiinua ili asikie vizuri.

“Hakuna namna gani?”

Wakaanza kazi. Kabla upande mmoja wa kichwa changu haujaisha kusukwa, walikuwa wameshapiga simu Paris, London na Montréal, na wakapata kijana anayesoma Japani, katika mji mwingine kabisa, mbali na Osaka. “Ni mutoto ya Goma,” akasema maman mmoja kwa furaha. “Atakamata train. Si ni inchi moya?” Nikakataa. Nikaeleza kwamba sitaki kupokewa, kwamba hiyo ndiyo maana ya safari. Wakanyamaza kwa adabu, ile adabu ya kumnyamazia mgonjwa. Halafu maman yuleyule akanisogelea na kunong'ona: “Kama ni bwana, sema tu, ma chérie. Hatutamwambia mutu.”

Nikamhakikishia kwamba hakuna mwanamume. Akanihurumia zaidi.

Kanisani nako nilikabidhiwa pakiti ya sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, niwapelekee Wakongomani wa Osaka. Nikauliza: na kama hakuna? “Wakongomani bako fashi yote, kila pahali,” nikajibiwa, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Kukataa mzigo wa mtu ni dhambi nyingine, kwa hiyo niliupokea na kuuficha kwenye kabati langu kazini. Kwa muda wote niliokuwa safarini, wauguzi wa zamu yangu waliisikia ile harufu na kuwashuku wazee wasio na hatia.

Nilifika Osaka mwezi wa kumi, asubuhi yenye jua, nikiwa na sanduku moja na kiburi kingi. Kiburi kiliishia stesheni. Brussels nayo ina stesheni, lakini ukipotea Gare du Nord unapotea kama mtu aliyepotea nyumbani kwa shangazi yake. Zunguka zunguka, utatokea jikoni. Ile ya Osaka haikuwa na jikoni. Ilikuwa na maduka chini ya maduka, njia zinazoingia katika njia, na watu wengi wakienda upesi bila kugusana. Mahali fulani nilikuwa nimesoma kwamba Wajapani kwenye ngazi za umeme husimama kushoto. Nikasimama kushoto, kifua mbele, msafiri mwenye elimu yake. Kumbe hao ni wa Tokyo. Osaka wanasimama kulia. Nyuma yangu pakajipanga mstari wa watu wenye haraka, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Brussels ningekuwa nimeshatukanwa kwa lugha tatu, na ningejibu kwa nne. Ule ukimya ulinitia aibu nisiyoijua.

Nilipokuwa nimesimama mbele ya ramani ya ukutani, nimeweka uso wa mtu anayeielewa, alikuja mama mmoja mwenye kofia. Nikamwonyesha anwani ya hoteli. Hakunielekeza kwa kidole. Alitembea mbele yangu, akigeuka kila baada ya muda kuhakikisha kwamba nipo, mpaka mlangoni pa hoteli, akainama, akarudi alikotoka. Moyo wangu wote ulitaka kumvuta ndani nimnunulie walau chai. Nikakumbuka studio. Nikajikaza, nikamwacha aende, na nilijiona mtu mbaya mpaka ghorofa ya sita.

Jioni ilipofika nikatoka kwenda kutimiza nilichojia. Mkahawa wenyewe niliupata kwenye uchochoro, chini ya taa nyekundu za karatasi, na ulikuwa kama ule wa televisheni: meza moja ndefu, viti vya kupanda, na mpishi upande wa pili ndani ya mvuke. Mlangoni palikuwa na mashine yenye picha. Nikabonyeza tambi za mchuzi na vile visambusa vyao vidogo vya kukaanga, nikapanda kiti. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, anasubiri chakula chake. Sikumsalimia. Nilitazama mbele. Nilijisifu sana.

Kisha bakuli langu likaja, na la kwake halikuwa limekuja.

Msomaji anayajua mambo haya, sihitaji kumfundisha. Chakula kiko mbele yako, mwenzako kando yako hana kitu. Huwezi kuinua kijiko. Unasema karibu. Naye anaujua wajibu wake: anasema asante, kula tu, nimeshiba, hata kama utumbo wake unasikika mpaka barabarani. Hapo nyote mmekuwa waungwana, na chakula kimebaki chako. Ndiyo biashara yenyewe. Hakuna anayeumia.

“Karibu,” nikasema, tena kwa sauti, na kiganja changu kikalionyesha bakuli. Mdomo haukuniomba ruhusa.

Mzee alilitazama bakuli. Akanitazama mimi. Akalitazama tena bakuli. Nikadhani hajaelewa, na mtu akishakosea huona bora akosee vizuri: nikalisukuma bakuli kidogo upande wake na kurudia, “Karibu, karibu.”

Uso wake ukaiva. Akainuka nusu, akamwita mpishi, wakazungumza haraka. Mpishi akaja, akainama juu ya bakuli langu, akalichungulia kwa makini, akalinusa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mzee alidhani nimekuta nzi. Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono, nikasema hapana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza kibovu. Kadiri nilivyokana ndivyo mpishi alivyozidi kuinama. Akaondoka na bakuli, akaniletea jingine jipya, lenye yai la nyongeza.

Mzee naye akapata la kwake. Alikaa, akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyemwokoa mgeni. Sasa niambie, ungefanya nini? Mtu amekutetea. Kukaa kimya ingekuwa utovu wa adabu ambao dada yangu angeunusa kutoka Schaerbeek. Nikavuta sahani ya visambusa, nikaiweka katikati yetu, nikainama kama nilivyowaona wao wakiinama, nikasema karibu ya tatu.

Safari hii alielewa. Na akakubali! Maisha yangu yote nimesema karibu, na ni wachache sana waliokuwa na ujasiri wa kuipokea. Yeye alichukua kimoja, akala, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa heshima zote. Kisha akamwita mpishi, na mbele yangu ikatua sahani ndogo ya figili za siki.

Nikala figili. Sahani ikabaki tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama utatia limau moja. Nikatia visambusa viwili, nikairudisha. Sikujua kwamba kwao nako hairudi tupu. Akala, akainama, akaijaza tena, safari hii vipande vya nyama vyenye rangi ya asali. Nikala, nikainama, nikatia nusu ya yai langu. Msichana aliyekaa kulia kwangu akasogeza kiti ili aone vizuri. Mpishi akaacha kukoroga. Sahani ile ilikwenda na kurudi, na kila mmoja wetu alizidi kutabasamu na kuzidi kushiba, na hakuna aliyejua njia ya kutokea.

Mwishowe mzee alinishinda kwa ujanja. Alitazama saa yake, akashtuka kwa namna ambayo hata mtoto asingeiamini, akainuka, akatoa peremende mbili zilizofungwa vizuri kutoka mfukoni, akaziweka mbele yangu kwa mikono miwili na kutoka mbio. Mimi nilikuwa na chokoleti ya Ubelgiji ndani ya mkoba. Nikaichimbua, nikamkimbilia mpaka mlangoni. Alikuwa ameshafika kwenye kona, na naapa aliongeza mwendo aliponiona.

Simu ikalia palepale uchochoroni. Kwa sababu ya tofauti ya saa, chakula changu cha jioni kiliangukia chakula chake cha mchana.

“Ulisha kula?” akauliza dada.

“Nimekula.”

“Na nani?”

Ningeweza kudanganya. Lakini dada yangu husikia uongo hata kwenye kikohozi. Nikamsimulia yote, kuanzia nzi mpaka peremende. Alicheka kicheko kirefu, akakohoa, akacheka tena, na nikamsikia akimtafsiria jirani wa Kituruki, ambaye naye akaanza kucheka.

“Siku ya kwanza! Ata siku ya kwanza haukumaliza!”

“Ile haikuwa kumuita mutu, yaya,” nikasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. “Ilikuwa adabu tu.”

“Ndio nakuambiya, ma chérie. Weye uko na adabu, hauko na studio.” Akapumua. “Bon. Ya leo nakuachiliya, uko muchovu na safari. Tunaanza kesho.”

Nadhani aliniachilia kwa sababu alikuwa na hakika atashinda kesho.

Kesho yake nilinunua wali wa kufinyangwa, ule wanaoufunga kwa jani jeusi la baharini, nikaenda kukaa kwenye benchi la bustani, mbali na kila mtu. Kijana wa kiume akaja na baiskeli yake akakaa ncha ya pili. Karibu ikanipanda kooni. Nikajijaza wali mdomoni mpaka mashavu yakauma, nikatazama bata. Yule kijana alitoa chakula chake, akala, wala hakugeuka. Hakunidai kitu. Tulikula benchi moja kama majirani wasiogombana, na baadaye nikatambua kwamba nilikuwa nimemaliza wali wote.

Nikapata ujasiri. Siku iliyofuata nikaingia kwenye mkahawa ambao kila kiti kina ubao kulia na ubao kushoto, na mbele kuna pazia dogo. Unakaa kwenye kijumba chako. Mikono miwili inatokea chini ya pazia, inaweka bakuli, inaondoka, pazia linashuka. Uso wa aliyenipikia sikuuona. Dada yangu angesema ni jela, na angetaka kuongea na mkuu wake.

Mimi nilivua koti. Nilianza na yai, ambalo kwetu huliwa mwisho, na hakuna aliyeniambia kitu. Nilikula polepole, nikapumzika, nikarudia. Nilikunywa mchuzi kwa sauti. Nilibaki nimekaa nikitazama ubao, sifikirii chochote, na ubao haukuniuliza ninawaza nini. Nilikuwa nimejiandaa kuwakosa watu. Nilikuwa nimejiandaa hata kulia kidogo, maana ndivyo hadithi za namna hii zinavyotaka. Sikulia. Nilifurahi. Wanaonipenda wanisamehe, lakini nilifurahi kiasi kwamba nilipotoka nilitembea ile mitaa ya maduka yenye paa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikiimba wimbo wa kanisani chini chini, na hakuna aliyenitambua.

“Na nani?” akauliza dada.

“Miye moya.”

“Unadanganya.”

Nikamtumia picha ya mbao mbili na pazia. Akacheka, lakini kidogo. Siku nyingine nikamwambia tena, miye moya, na akauliza kama kilikuwa kitamu. Nikasema kitamu sana. “Bon,” akasema, halafu akaniuliza kama ninavaa sweta. Baadaye aliacha kabisa kuuliza nimekula na nani. Aliniuliza hali ya hewa, akanisimulia habari za mvua ya Brussels, akaniambia kwamba jirani wa Kituruki amesafiri kwenda kwao kumwona mama yake. Mimi nilikuwa nimelewa ushindi. Siku moja, kwa kumtania, nikamgeuzia swali.

“Na weye, ulikula na nani?”

Akasema tramu inapiga kelele, hanisikii.

Siku niliyorudi, aliniletea koti zito uwanja wa ndege wa Zaventem, ingawa nilikuwa nimevaa koti zito. Njiani alinisimulia habari za watu wote, nani amejifungua, nani amegombana na mchungaji, na hakugusa habari za Osaka. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwenye ndege. Nilijua nitasema nini, kwa upole gani, na kwa mkono gani nitamshika bega.

Tulipofika nyumbani nikaenda kuweka mezani peremende na biskuti nilizowaletea watu, na pakiti moja ya keki laini nikataka kuiweka kwenye friji. Haikupata nafasi. Friji ilikuwa imejaa mabakuli, moja juu ya jingine, mpaka kwenye mlango. Wali. Sombe ya majani ya muhogo. Maharage. Wali tena. Kila bakuli lilikuwa nusu ya chakula cha siku moja, nusu kamili, limefunikwa vizuri. Nikasimama na mlango wa friji umefunguka, baridi ikinipiga magotini.

“Yaya, hii yote ni ya nani?”

Alikuwa anafungua mfuko wangu wa nguo chafu, hakuinua uso.

“Nilikuwa napika.”

“Kwa nani?”

“Ni mukono,” akasema. “Mukono ndio inapima. Inapima ya batu babili. Naambiya mukono, pima ya mutu moya, inakataa.”

Jirani alikuwa amesafiri, mimi nilikuwa nakunywa mchuzi kwa sauti nyuma ya ubao, naye alikaa na sahani moja kwenye meza hii. Akala nusu, akafunika nusu. Nikaona kwamba amepungua. Shingo ya gauni ilikuwa kubwa kwake. Hotuba yangu yote ikayeyuka kinywani. Nikafungua mdomo kusema kwamba sihami, kwamba yalikuwa maneno tu, nani anahitaji studio.

Akaniwahi.

“Ulikula weye moya?”

“Ndiyo.”

“Kweli kabisa?”

“Kweli.”

“Na ulifurahi.” Hilo hakuliuliza. “Nilisikia kwa simu. Bon. Utahama. Tulipatana, na miye siko mutu ya kuvunja neno. Na usinihurumiye, tafazali. Nilikulea juu uwe na nguvu ya kutoka.”

Nilihama kabla ya Noeli. Mtoto wa jirani alitukopesha gari, dada akasimamia kila kitu, akamgombeza dereva, akamgombeza mwenye nyumba, akakagua madirisha ya studio na kusema yanapitisha baridi. Siku hiyo asubuhi, nikiwa nafungasha, alikuwa ameniita jikoni. Sufuria kubwa, ile aliyokuwa akipikia tangu tufike nchi hii, alikuwa ameiosha na kuifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia siihitaji, mimi ni mmoja, nitapika nini humo.

“Weye batu batakuja kwako,” akasema. “Najua mudomo yako.”

Halafu akatoa chini ya meza sufuria ndogo, mpya, bado ina karatasi ya duka. Alikuwa amekwenda kuinunua peke yake. Akaiweka kwenye jiko, akamimina mchele kiganjani, akasita. Dada yangu, aliyenifundisha kutembea, kusoma na kusali, ambaye sijawahi kumsikia akiniuliza jambo ambalo hakuwa na jibu lake, akanigeukia na kiganja chake cha mchele.

“Weye ulienda kujifunza. Uniambiye basi. Mutu moya, ni muchele kiasi gani?”

Nikakitazama kile kiganja. Nikaitazama ile sufuria. Osaka bakuli lilikuwa likija kwangu limeshapimwa, na mtu aliyelipima sikumwona uso.

“Sijui, yaya,” nikasema.